Mtoto yuko nyumbani na kemo inaendelea: nyumba iishi vipi?

SWALI: Shikamoo. Mwanangu wa miaka sita anatibiwa leukemia, saratani ya damu, ile wanayoiita ALL. Awamu za kulazwa zimekwisha, sasa tuko kwenye vidonge vya nyumbani na kliniki, na tumeambiwa bado ni kama mwaka mmoja na nusu. Tunaishi Mbagala kwa wifi yangu ili tuwe karibu na Muhimbili. Mume wangu yuko Newala na mikorosho, na binti yetu wa miaka tisa yuko kwa bibi yake hukohuko. Tangu tutoke wodini simruhusu mtoto atoke nje, nachemsha kila kitu, silali. Wifi anasema namlea kama yai. Kuna wiki mtoto anakuwa mkali na anataka ugali saa nane usiku. Mama mkwe ametuma dawa ya mizizi. Rafiki yake wa wodini amefariki na kila siku ananiuliza yuko wapi. Binti yangu juzi kaniambia kwenye simu kwamba na yeye anataka kuumwa. Desemba tunatamani kwenda nyumbani. Tuishi vipi?

JIBU: Marahaba mama, na poleni sana. Nianze na wifi yako, kwa sababu ana hoja. Mlipotoka wodini uliibeba wodi ukaihamishia Mbagala. Kwa wiki mbili mtu anaweza. Kwa mwaka na nusu hakuna mama anayeweza, na mama aliyechoka ndiye anayesahau kidonge. Miaka yote niliyouguza watoto hawa naona nyumba zinazofika mwisho salama ni zile zilizochagua mambo machache ya kushikilia kwa meno, mengine zikayaachia. Kwa hatua mliyopo, ya kushikilia ni mawili: homa na vidonge.

Homa kwanza, maana hii ndiyo inayoua haraka. Kemo, yaani dawa za saratani, hushusha chembe nyeupe za damu, na chembe zikishuka mtoto anaweza kupata maambukizi ya damu yasiyo na dalili nyingine yoyote. Hana kikohozi, hana kidonda, ana joto tu. Sasa fikiria linalotokea mitaani kwetu. Mtoto ana joto, unampeleka zahanati, wanampima malaria, kipimo kinatoka hasi, mnarudi nyumbani na Panadol. Au kinatoka chanya, mnarudi na dawa mseto. Kwa mtoto mwingine hilo halina ubaya. Kwa wako, hata malaria ikionekana kweli, bado anatakiwa hospitali usiku uleule, kwa kuwa malaria na maambukizi ya bakteria vinaweza kumkuta pamoja. Lengo ni antibayotiki ya mshipani ianze ndani ya saa moja tangu afike.

Kwa hiyo nunua themometa, ile ya namba ya kuweka kwapani, na ujifunze kuisoma akiwa mzima. Ikifika 38, au kiwango walichokuandikia kwenye kadi, mnaondoka. Akitetemeka kwa baridi au akilegea ghafla mnaondoka hata kama themometa haijafika. Usimpe Panadol kwanza uone kama itashuka. Itashuka, na ugonjwa utabaki umejificha. Themometa hiyo isiingizwe njia ya haja kubwa, wala kitu kingine chochote kisiingizwe huko, iwe dawa au kile kipande cha sabuni wanachotumia bibi zetu mtoto akikosa choo. Kimchubuko kidogo huko ni mlango wa bakteria.

Kliniki ijayo uliza swali moja mapema: homa ikimpata saa saba usiku, twende Muhimbili moja kwa moja au tuanzie hospitali ya Temeke? Wakujibu, wakuandikie barua inayosema mtoto yuko kwenye kemo, na homa kwake ni dharura. Barua hiyo ikae pamoja na kadi ya kliniki na nauli ya bajaji. Familia moja niliyoifahamu waliita fedha hiyo "hela ya homa", na hata baba mwenye nyumba alipodai kodi haikuguswa. Ukishakuwa na themometa, barua na nauli, nakuomba ulale. Huna sababu ya kumgusa paji la uso kila nusu saa.

Vidonge navyo vina mtego wake, na mtego ni kalenda. Katika itifaki (mipango ya matibabu) nyingi za ALL mtoto wa awamu yenu anatumia merkaptopurini kila siku, methotreksati mara moja tu kwa wiki, na Septrini siku mbili au tatu za wiki kumkinga na nimonia. Dawa tatu, ratiba tatu, na nusu kidonge hapa na robo pale. Methotreksati ikinywewa kila siku kwa kukosea ni sumu ya kweli, kwa hiyo itenge: kopo lake, mahali pake, siku yake. Chagua siku isiyosahaulika, Ijumaa au Jumapili. Chukua kalenda ya ukutani, ile ya bure ya dukani, uandike kila siku dawa gani, na ukimpa ukate mstari palepale. Kichwa kisiaminiwe, hata kichwa kizuri. Akitapika baada ya dozi, au ukisahau, usirudie wala usimpe mbili kesho yake. Piga simu uulize.

Nasisitiza hili kwa sababu awamu hii ndiyo inayodanganya. Nywele zimeota, anacheza, anakula. Mtu yeyote angeona kidonge kimoja hakina neno. Utafiti uliofanyika Marekani kwa watoto wenye ALL ulikuta kwamba waliokunywa chini ya asilimia 95 ya dozi zao za merkaptopurini walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kurudi. Piga hesabu kwa mwezi wa siku 30: dozi mbili tu zikipotea, umeshashuka chini ya mstari huo. Zamani tulisumbua familia kwamba dawa hii lazima inywewe usiku, tumbo tupu, mbali na maziwa. Uchunguzi wa baadaye haukuona kwamba mambo hayo ndiyo yanayoleta kurudi kwa ugonjwa. Kilichoonekana kuwa na uzito ni kunywa kila siku. Fuata maelekezo ya kliniki yenu, lakini kama saa tatu usiku mtoto analala kabla ya dozi na mnaikosa, waambie wakusogezee muda.

Hapa ndipo inapoingia mizizi ya mama mkwe. Simcheki, na wewe usimcheke. Yuko mbali, hana kingine cha kumfanyia mjukuu wake. Ila dawa hizi zinapita kwenye ini, na mzizi ambao hakuna anayejua kilichomo unaweza kulichosha ini hilo hadi daktari alazimike kusimamisha kemo. Mpigie, mshukuru, mwambie daktari amekataza kuchanganya, na mpe kazi nyingine (nitaitaja). Na kama ulishampa mtoto dawa hiyo hata kijiko kimoja, sema kliniki. Hakuna atakayekugombeza, na kama yupo, mwambie nimekutuma mimi. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni vile vidonge vya kuongeza damu vinavyogawiwa bure, Fefo na jamaa zake. Ndani yake kuna asidi ya foliki, na methotreksati inafanya kazi kwa kuizuia hiyohiyo foliki. Ukimpa mwenyewe kwa nia njema unavuta kamba upande wa pili. Usimpe mpaka daktari aseme.

Hayo mawili basi. Mengine yalegee.

Mtoto atoke nje. Vijidudu vingi vinavyowashambulia watoto hawa damu inaposhuka hutoka mwilini mwao wenyewe, kinywani, utumboni, kwenye ngozi. Kumfungia chumbani hakumkingi na hivyo. Mswaki laini asubuhi na jioni, kusukutua kwa maji ya chumvi, kunawa mikono na kulala ndani ya chandarua vinamkinga zaidi. Siku ambazo vipimo vyake vya damu viko vizuri acheze mpira na wenzake kwenye kivuli. Epuka chumba kilichojaa watu wanaokohoa, daladala la saa kumi na mbili asubuhi ukiweza, vumbi la ujenzi na banda la kuku. Vipimo vikishuka, mtamkalisha ndani siku hizo, naye ataelewa kwa sababu ni siku na siyo maisha.

Ila magonjwa mawili ya watoto uyasikilize mtaani: tetekuwanga na surua. Mtoto aliyecheza naye akitoka vipele, usingoje na wako vimtoke. Pigia kliniki siku hiyohiyo, maana kinga ya dharura ina siku chache tu za kufanya kazi. Na wakija wachanjaji nyumba kwa nyumba, kama walivyokuja na matone ya polio mwaka 2022, au ikitangazwa kampeni kama ile ya chanjo ya surua na rubela ya Februari 2024, mwanao asichanjwe bila ruhusa ya daktari wake. Chanjo hizo zina virusi hai vilivyodhoofishwa, na mwili wake kwa sasa hauna askari. Binti yako na watoto wa wifi, kinyume chake, wahakikishe wamemaliza chanjo zao za surua. Wao ndio ukuta wake. Ya matone, kwa watoto wanaoishi naye nyumba moja, uliza kwanza.

Chakula: chochote mnachokula, kiwe kimeiva na kiwe cha moto. Achana na kachumbari ya barabarani, mayai ya maji, maziwa yasiyochemshwa na juisi za barafu. Matunda ya kumenya ni rafiki, papai hasa. Vinkristini, ile sindano ya kliniki, hulaza utumbo na watoto hukaa siku nne bila choo, kwa hiyo papai, maji na kutembea, na ikibidi dawa ya maji ya kulainisha choo watakayokuandikia. Dawa hiyohiyo inaweza kudhoofisha misuli ya miguu. Akianza kujikwaa au kuburuta nyayo, sema kliniki.

Na ile wiki ya ukali na ugali wa usiku wa manane? Angalia kalenda yako, nadhani utaona ni siku zilezile za deksamethasoni au prednisoloni, vidonge vya steroidi anavyopewa kwa siku chache. Ni dawa inayosema, mtoto hajaharibika. Inampa njaa ya kweli, inamnyima usingizi, inamvimbisha uso na kumfanya alie kwa jambo dogo. Mpe asubuhi na chakula kama ratiba inaruhusu. Usibishane na njaa. Weka uji kwenye chupa ya chai, viazi vitamu vilivyochemshwa, ndizi. Punguza chumvi na soda siku hizo kwa sababu dawa inapandisha sukari na presha. Baada ya siku chache atarudi mwenyewe.

Wiki nyingine zote, adabu iwe ileile ya zamani. Nimeona mama akiogopa kumkatalia mtoto simu kwa sababu "anaumwa". Watoto wana akili: mama aliyekuwa akisema hapana akianza kusema ndiyo kwa kila kitu, mtoto anahitimisha kwamba hali yake ni mbaya kuliko anavyoambiwa. Akimpiga mtoto wa shangazi yake, aombe radhi. Avipange viatu vyake mlangoni kama wenzake. Kumkatalia soda hakumrudishii saratani. Shule nayo, kliniki wakikubali, aanze, hata kama ni siku tatu kwa wiki. Nenda ukamwone mwalimu mwenyewe, umwambie mambo mawili: akipata joto nipigiwe, na kukitokea tetekuwanga darasani nipigiwe. Na umwambie haiambukizi, kwa sauti ya kusikika, walimu wa jirani wakiwepo.

Jambo la choo nilitaje upesi. Kwa siku mbili baada ya kila kemo, mkojo na matapishi yake yana mabaki ya dawa. Vaa glovu ukisafisha, nguo zifuliwe peke yake, na kama kuna mjamzito kwenye nyumba hiyo asivishike wala asivunje vidonge.

Sasa rafiki aliyefariki. Najua umekuwa ukimwambia amesafiri au amelala, maana karibu kila mzazi husema hivyo. Acha, na sababu yangu ni ya kiwodi kabisa. Mwanao hulazwa kwa dawa ya usingizi akichomwa sindano ya mgongoni. Akijua rafiki yake "alilala" hakurudi, sindano ijayo atapigana na wauguzi kwa nguvu zote, na hakuna atakayejua kwa nini. Akijua "alisafiri kwao", safari yenu ya Newala itamtia hofu ambayo hataweza kuisema. Mkalishe wakati mmetulia, umwambie: "Amefariki. Mwili wake uliumwa sana, dawa hazikuweza kuuponya. Hatutamwona tena, na inaniuma." Kisha nyamaza. Atauliza, pengine palepale, pengine wiki ijayo akiwa anaoga: na mimi nitakufa? Usimwapie. Mwambie kwamba dawa zake zinafanya kazi, ndiyo maana mnakunywa kila siku, na akiogopa usiku akuamshe. Akitaka kuchora, achore. Akitaka kwenda kucheza dakika mbili baadaye, aende. Watoto huomboleza kwa vipande. Mkiswali au mkisali, amtaje rafiki yake kwenye dua.

Binti yako ndiye aliyenigusa zaidi katika barua hii. Mtoto wa miaka tisa anaposema anataka kuumwa, amefanya hesabu sahihi: anayeumwa ndiye anayekaa na mama. Anachoomba ni wewe. Mara nyingi kuna kingine chini yake, ambacho hawakisemi bila kuulizwa. Huenda anadhani yeye ndiye aliyesababisha, kwa kuwa siku fulani alimsukuma mdogo wake akaanguka, au alimwombea mabaya. Huenda anaogopa kwamba ugonjwa umo kwenye damu yake pia. Na kijijini kuna maneno ya uchawi, ameyasikia kabla yako. Mpigie siku na saa inayojulikana, simu iwe yake, na robo saa ya kwanza usimtaje mdogo wake kabisa. Uliza shule, uliza rafiki zake. Kisha umwambie ugonjwa kwa jina lake, kwamba hakuna mtu aliyeusababisha, hauambukizi, na yeye hana makosa. Mwambie pia kwamba kuona wivu si dhambi. Na hapa ndipo kazi ya mama mkwe: yeye ndiye mama wa binti huyu kwa sasa. Amsuke, aende shuleni siku ya wazazi, amlinde na maneno ya majirani. Ukimwambia hiyo ndiyo dawa anayoweza kuitoa, na ni kweli, nadhani mizizi itapumzika.

Mume wako hukumtaja sana. Wanaume wengi katika hali hii hutuma fedha na kunyamaza, na mama huusoma ukimya huo kama kutojali. Yupo baba anayejua bei ya korosho kila mnada lakini hajui mwanawe anakunywa vidonge vingapi, kwa sababu hakuna aliyemfundisha. Akija Dar, aingie naye chumba cha daktari, wewe ubaki nje. Mfundishe kalenda. Hii ina faida nyingine: siku utakapougua wewe, dozi haitakatika.

Kuhusu fedha, mwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hamjakwama. Muhimbili watoto wenye saratani hutibiwa bila malipo kwa ushirikiano na shirika la Tumaini la Maisha, na kuna nyumba ya kufikia familia za mikoani. Kinachowamaliza watu ni nauli, chakula na kazi zilizolala. Ukiona mwezi unaokuja hamtamudu nauli ya kliniki, sema mwezi huu. Katika nchi tajiri karibu watoto 9 kati ya 10 wenye ALL hupona; Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 liliweka lengo kwamba angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wapone ifikapo 2030. Moja ya sababu za sisi kubaki nyuma ya nchi hizo ni matibabu kuachwa katikati, mara nyingi na familia zilizoona aibu kusema nauli imekwisha.

Mwisho, Newala. Nendeni. Panga safari siku chache baada ya kliniki, vipimo vikiwa vizuri na daktari akiridhia. Beba dawa za siku zote za likizo na za wiki mbili za ziada; Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini pale Somanga na watu wakakwama. Dawa zikae kwenye mkoba wako mapajani, zisiwekwe kwenye buti la basi. Uliza kabla ya kuondoka hospitali gani mkimbilie njiani na mkiwa huko: kuna Sokoine pale Lindi, kuna Ndanda upande wa Masasi, kuna ya kanda pale Mtwara. Themometa, barua na hela ya homa visafiri nanyi. Salfa, dawa inayopuliziwa mikorosho, itakuwa imeshapita msimu wake, lakini ghala lenye mabaki ya salfa asiingie. Embe zitakuwa tele: zioshwe, zimenywe, ale mpaka atosheke. Mabibo yaliyoanguka chini awaachie wengine. Siku mbili tatu za kwanza wageni wote watataka kumbeba; wifi au baba yake asimame mlangoni, anayekohoa asalimie kwa mbali. Na siku moja nzima mwachie baba mtoto pamoja na kalenda, wewe uende na binti yako popote atakapochagua. Mkirudi Januari, njoo kliniki na makopo yote, hata yenye vidonge viwili, tuvihesabu pamoja.